Kupanga ni Kuchagua

Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo linalozifikia nyumba nyingi za vijijini siku hizi: kijana amepata kazi mbali, ana mke na watoto wadogo. Je, wahamie wapi?

Nimepata barua ya baba mmoja kijana wa Mkoa wa Singida. Jina lake nalificha. Ameandikiwa kazi ya udereva na kampuni ya ujenzi huko Mtumba, ule Mji wa Serikali ulio kama kilomita 17 mashariki ya katikati ya Dodoma, kando ya njia kuu ya Morogoro. Mkataba ni wa miaka miwili. Ataanza mwezi wa Oktoba. Mshahara utakaomfikia mkononi ni shilingi 450,000 kwa mwezi. Atafanya kazi siku sita za juma, na kila siku sharti awe kazini saa kumi na mbili asubuhi. Mkewe ni fundi cherehani. Mtoto wa kwanza ana miaka sita, ataanza darasa la kwanza Januari. Wa pili ana miezi minane, bado ananyonya.

Kijana huyu alikwenda Dodoma siku mbili kutafuta nyumba. Dalali alimwonyesha tatu. Amerudi nyumbani na kichwa kizito, maana kila mtu ana neno lake. Yeye aipenda ile nyumba ya bei ndogo. Mkewe ataka kukaa karibu na soko. Kaka yake amwambia, “Waache mke na watoto hapa kijijini, ukapange chumba kimoja.” Na mama yake mzazi amekwisha kulia machozi kwa ajili ya wajukuu. Mwisho wa barua ameandika hivi: “Mzee, nisaidie, maana sijalala vizuri siku nyingi, na mimi na mwenzangu tumeanza kusemezana kwa ukali.”

Basi mwanangu, kaa hapa barazani. Mwalimu Nyerere alipoueleza mpango wa taifa mwaka 1969 alitufundisha ya kwamba kupanga ni kuchagua. Yeye alikuwa akisema habari za maendeleo ya nchi. Lakini hata anayepanga nyumba yampasa akumbuke neno hilo. Huwezi kupata vyote. Ukichukua hiki, unakiacha kile. La hatari ni kuchagua bila kujua unaacha nini.

Kosa langu mwenyewe

Kabla ya kukushauri, nikuambie jinsi nilivyokosa mimi. Nilipokuwa kijana niliandikiwa kazi ya ukarani wa ghala katika mji mmoja wa mbali. Nilitangulia peke yangu mwezi wa Julai. Nikakuta nyumba ya vyumba viwili, rangi mpya, mlango wa mbao ngumu, kodi ndogo. Nikafurahi sana. Nikalipa miezi sita papo hapo, kisha nikamwandikia mke wangu aje.

Alifika jioni, mtoto mgongoni, mwingine kamshika mkono. Akaweka mizigo chini, akaniuliza maneno matatu tu. “Maji yako wapi? Choo kiko wapi? Shule iko wapi?” Wapenzi wasomaji, sikuweza kumjibu hata moja! Nilikuwa nimeitazama rangi na mlango. Kumbe wazee walisema kweli: nyumba njema si mlango.

Maji yalikuwa mwendo wa nusu saa. Choo kilikuwa kimoja kwa nyumba nne. Na mvua iliponyesha, nikajua kwa nini kodi ilikuwa ndogo. Nyumba ile ilijengwa ukingoni mwa korongo. Usiku mmoja maji yaliingia mpaka chini ya kitanda. Mke wangu alisimama na watoto juu ya meza hata kulipokucha. Mdogo akashikwa na homa ya kifua, tukalala hospitali siku tisa. Tulihama juma lililofuata, na kodi iliyobaki mwenye nyumba hakurudisha hata senti. Mke wangu hakunilaumu. Alisema tu, “Siku nyingine tukaangalie wote wawili.” Neno hilo nimelishika mpaka leo.

Tuzihesabu nyumba tatu

Sasa turudi kwenye barua. Chukua karatasi na kalamu, mwanangu, na mkeo akae kando yako. Tutahesabu pamoja. Mtu akitafuta nyumba huuliza, “Kodi ni kiasi gani?” Swali hilo halitoshi. Uliza, “Kukaa hapa ni kiasi gani?” Kodi ni sehemu moja tu. Iko nauli, yako maji.

Nyumba ya kwanza iko mjini, si mbali na soko la Majengo. Kodi yake ni shilingi 150,000. Bomba liko uani, na jirani alikuambia hulipa kama 12,000 kwa mwezi. Nauli ya kwenda na kurudi Mtumba, kama ulivyoandika, ni 2,000 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni 52,000. Jumla 214,000.

Nyumba ya pili iko upande wa Ihumwa, karibu na kazi. Kodi 120,000. Waweza kwenda kazini kwa baiskeli yako, basi nauli hakuna. Lakini bomba halijafika nyumba hiyo, na ndoo ya lita 20 wauza maji humuuzia mtu kwa shilingi 300. Jamaa yenye mtoto wa kunyonya haiwezi kupungukiwa na ndoo sita kwa siku. Hizo ni 1,800 kwa siku, yaani 54,000 kwa mwezi. Jumla 174,000.

Nyumba ya tatu, hiyo uliyoipenda, iko magharibi, mbali kupita Nkuhungu. Kodi 70,000 tu. Lakini tazama, kazi yako iko mashariki! Kila siku utaukata mji mzima, magari mawili kwenda na mawili kurudi, 3,000 kwa siku. Kwa siku 26 ni 78,000. Na maji ni ya kununua vilevile, 54,000. Jumla 202,000.

Waona? Nyumba ya kodi ndogo yakugharimu kuliko ile ya pili kwa shilingi 28,000 kila mwezi. Inaipita nyumba ya mjini kwa nafuu ya 12,000 tu. Na hapo sijahesabu bodaboda ya siku utakayochelewa kurudi usiku, wakati magari ya abiria yamekwisha kwenda kulala.

Tena kuna kitu ambacho hakikuandikwa katika hesabu ya shilingi. Wasema kutoka nyumba ya tatu mpaka kazini ni saa mbili. Kwenda na kurudi ni saa nne. Kwa siku 26 ni saa 104. Hizo ni zaidi ya siku nne nzima, mchana na usiku, utakazokaa ndani ya gari kila mwezi. Utatoka nyumbani watoto wamelala, utarudi watoto wamelala. Mdogo wako atajifunza kutembea wala hutamwona. Na wewe ni dereva. Mtu aliyelala saa nne au tano usiku, akaamka saa tisa, kisha akashika usukani wa gari lililobeba wafanyakazi wenzake, anachezea roho yake na roho za watu. Kwa hiyo nyumba ya tatu mimi naifuta. Nakuomba uifute na wewe.

Shauri la kaka yako

Kaka yako asema acha mke na watoto kijijini. Simdharau. Ana sababu zake, na tuzitazame kwa haki. Shamba liko kijijini, chakula hakinunuliwi, bibi yao yuko, na mjini hata kitunguu ni fedha. Hayo ni kweli.

Lakini hesabu na hapo pia. Chumba kimoja umeambiwa 50,000. Peke yako hutapika, utakula kwa mama ntilie asubuhi, mchana na jioni. Hata ukijibana kwa 6,000 kwa siku, hizo ni 180,000 kwa mwezi. Jumla 230,000, na bado hujatuma nyumbani hata senti moja ya sabuni, wala hujapanda basi kwenda kuwaona. Kuendesha majiko mawili ni kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ni kweli kwamba watoto wakiwa mjini chakula chao kitanunuliwa. Lakini mke anayepika nyumbani hulisha watu wanne kwa fedha isiyozidi sana ile anayokula mwanamume mmoja mgahawani.

Tena liko jambo zito kuliko fedha. TANU ilipokata shauri mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, kazi ya kuhama ilikwenda polepole kwa miaka mingi. Mwaka 2016 Rais Magufuli alipoamrisha Serikali ihamie kweli, wafanyakazi wengi walifika Dodoma, na wengi wao waliziacha jamaa zao Dar es Salaam. Ijumaa jioni ilikuwa mbio za kuwahi basi. Wako waliodumu hivyo vizuri, maana walikuwa watu wazima, watoto wao wakubwa, na shule zao za nyuma zilikuwa na sababu. Lakini wako pia waliokuwa baba wa simu tu. Mtoto akikosa, baba yuko kwenye simu. Mke akiugua, mume yuko kwenye simu. Fimbo ya mbali haiui nyoka, ndugu yangu. Na ninyi ni vijana. Ndoa yenu bado mche. Mche hutaka kumwagiliwa maji kila siku, si mara moja kwa mwezi.

Kwa kaka yako nasema hivi: usisafirie nyota ya mwenzio. Lililomfaa yeye huenda lisikufae wewe.

Neno la mkeo

Sasa sikiliza kwa makini, maana nadhani hapa ndipo ugomvi wenu ulipoanzia. Hesabu ya kodi, nauli na maji imeipa ushindi nyumba ya pili, ya Ihumwa. Wewe utasema, “Haya, Mzee amekata shauri.” La, sijakata. Hesabu ile ilikuwa ya mambo yako wewe tu. Mkeo je?

Mkeo ana cherehani. Cherehani hula kwa watu. Akikaa karibu na soko atapata wateja, nyuzi na vitambaa. Akikaa mahali pasipo na watu, mashine yake itakuwa meza ya kuwekea vikombe. Kama akipata mjini shilingi 3,000 tu kwa siku, siku 26 ni 78,000. Fedha hiyo yazidi tofauti ya nyumba ya kwanza na ya pili, ambayo ni 40,000. Basi si ukaidi mkeo kutaka soko. Alikuwa akihesabu, wala wewe hukumwuliza hesabu yake. Mwombe radhi.

Na wewe mama, nakuomba umwelewe mwenzako. Nyumba ya mjini itamtoa kitandani saa tisa na nusu usiku, atembee gizani kutafuta gari, na siku gari likikosekana atapewa barua ya onyo. Kazi ikipotea, soko halitawasaidia.

Basi niwape nyumba ya nne, ambayo haimo katika barua. Tazameni njia kuu itokayo mjini kwenda Morogoro. Kazi ya baba iko njia hiyo. Katikati ya mji na Mtumba iko Nzuguni, na hapo pana kituo kikuu cha mabasi na soko la Job Ndugai. Watu hupita, watu hununua, na nguo za kushona na kurekebisha hazikosekani penye watu. Kwa nini msitafute upande huo? Sisemi kwamba kodi ya huko ni rahisi, na dalali hakukupeleka. Lakini sasa mnayo kanuni ya kupimia. Nyumba yoyote mtakayoiona, jumlisheni kodi, nauli na maji. Ikiwa jumla haizidi shilingi 200,000, na mama anaweza kufanya kazi yake hapo, itazameni vizuri. Ikizidi, iacheni, hata kama ina vigae.

Kanuni yenyewe ni hii, na yamfaa kila mtu anayehama: kaeni upande ule ule wa mji ilipo kazi, kando ya njia ile ile moja, ili siku ya shida mtu aweze kufika kwa gari moja, au kwa baiskeli, au hata kwa miguu.

Jinsi ya kuitazama nyumba

Mji wa Dodoma umekua upesi sana. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu watu 765,179. Karibu mara mbili kwa miaka kumi! Mji ukikua hivyo, nyumba hutangulia, na bomba, njia na shule hufuata nyuma zikihema. Tena nchi ile ni kavu. Mvua yake ni ya miezi michache, tangu Desemba hivi mpaka Aprili, na maji ya mji tangu zamani yametegemea visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora. Kwa hiyo msiitazame nyumba ya Dodoma kwa macho ya Singida. Fanyeni hivi.

Kwanza, ulizeni maji. Msimwulize dalali, maana yeye hulipwa mkiingia, halipwi mkikaa vizuri. Waulizeni akina mama wenye ndoo. Bomba likiwepo, ulizeni hutoa maji siku ngapi kwa juma. Onjeni maji yenyewe, maana visima vingine vina chumvi. Tazameni kama pana pipa au tangi la kuhifadhia.

Pili, tazameni ardhi. Mwezi wa Oktoba kila korongo ni kavu, na mtoto hucheza ndani yake. Msidanganyike. Tazameni ukutani kama kuna alama ya maji ya mwaka uliopita. Tazameni kama majirani wamepanga mawe au viroba vya mchanga mbele ya mlango. Mtu hapangi viroba kwa urembo.

Tatu, fika hapo mara tatu: mchana, saa nne usiku, na saa kumi na moja alfajiri. Mchana utaona nyumba. Usiku utasikia majirani, kama kuna kilabu cha pombe na ngoma hata asubuhi. Alfajiri utajua kama gari linapatikana kweli.

Nne, tembea kwa miguu kutoka mlangoni mpaka shule, kwa hatua za mtoto wa miaka sita. Je, atavuka njia kuu? Njia ile ya Morogoro hupita malori makubwa mchana kutwa. Mtoto wa darasa la kwanza asivuke njia ile peke yake, hata kama shule ya ng'ambo ni nzuri kuliko zote. Ada katika shule za msingi za Serikali haitozwi, lakini sare, daftari na michango ya chakula vyahitaji fedha, basi mwulize mwalimu mapema. Uandikishaji hufanyika miezi ya mwisho ya mwaka. Usiungoje Januari.

Tano, tafuta zahanati iko wapi, na mama mwenye mtoto mgonjwa saa nane usiku atafikaje.

Sita, umeme. Mita ya LUKU ikiwa moja kwa wapangaji wengi, ulizeni mapema hugawana vipi. Ugomvi wa nyumba za kupanga mara nyingi huanzia hapo, kwa pasi ya huyu na friji la yule.

Saba, kodi. Wenye nyumba wengi hutaka miezi sita kwa mkupuo. Ninyi ni wageni, ombeni miezi mitatu. Ikiwa nyumba ni njema, mtaongeza. Ikiwa ni mbaya, hasara yenu itakuwa ndogo kuliko yangu. Andikianeni mkataba, mwenyekiti wa mtaa ajue, na kila fedha mtoayo pateni risiti. Fedha ya dalali ulizeni kabla ya kutembea naye, isiwe baadaye.

Kutangulia si kutengana

Sasa nisemeje juu ya safari yenyewe? Mimi naona hivi. Wewe baba, tangulia mwezi wa Oktoba. Kaa kwa ndugu au upange chumba kwa mwezi mmoja mmoja. Fanya kazi, tembea Jumapili, zitazame nyumba kwa kanuni hizi. Mwezi wa Novemba mkeo aje siku tatu, azione zile mbili au tatu ulizochagua. Yeye ndiye atakayekaa humo mchana kutwa, basi asiletewe nyumba kama mzigo wa sokoni. Mkikubaliana, lipeni. Desemba shule zikifungwa, jamaa yote ihame. Januari mtoto aingie darasani pamoja na wenzake.

Lakini sikia neno hili: tajeni tarehe. Semeni, “Tutahama siku fulani ya Desemba,” na muiandike ukutani. Kutangulia si kutengana, ikiwa tarehe ipo. Wengi walitangulia “kwa muda kidogo tu,” na muda ule ukazaa miaka saba.

Katika miezi hiyo miwili mama atakuwa na kazi zake. Mdogo atafikisha miezi tisa, basi apate chanjo yake ya surua hapo hapo kijijini. Ile ya miezi kumi na minane ataipata Dodoma, ila kadi ya kliniki isipotee njiani! Chukueni cheti cha kuzaliwa cha mkubwa, vyeti vya ubatizo, na barua ya utambulisho ya serikali ya kijiji. Pakieni magunia ya mahindi na maharagwe ya mavuno haya, yatawavusha miezi ya kwanza. Cherehani ifungwe vizuri, maana ndiyo shamba la mama huko aendako. Na shamba la kijijini msiliuze. Mwachieni kaka alime, mpatane mbele ya wazee mtagawana vipi.

Kabla hujatia sahihi mkataba wa kazi, mwanangu, tazama kama umeandika mahali ulipoajiriwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema mkataba ukimalizika mahali pengine, mwajiri hupaswa kumsafirisha mfanyakazi na vitu vyake mpaka mahali alipoajiriwa, au kumlipa fedha ya safari hiyo. Uliza pia kama kampuni italipa gharama ya kwenda. Kuuliza kwa adabu si kosa.

Na msikimbilie kununua kiwanja mwaka wa kwanza. Mkataba ni wa miaka miwili. Ujueni mji kwanza. Siku mtakapotaka kununua, nendeni ofisi ya ardhi ya Jiji mkahakikishe, msimwamini mtu kwa kuwa ana karatasi yenye muhuri.

Mkifika

Mkifika, juma la kwanza nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa mjitambulishe. Jumapili mkisali, ulizeni jumuiya ndogo ndogo ya hapo hukutana siku gani na kwa nani. Maaskofu wetu wa Afrika ya Mashariki walipokata shauri mwaka 1976 kuzijenga jumuiya hizo, waliona kwamba Mkristo asiyejulikana na jirani zake yu mpweke hata kanisa likijaa. Mama asiye na dada wala shangazi mjini atahitaji mtu wa kumshikia mtoto anapokwenda kuchota maji. Mtu huyo hapatikani kwa dalali. Hupatikana kwa kusalimiana.

Mwisho, neno kwa bibi wa watoto hawa, aliyelia machozi. Mama yangu, machozi yako ni ya haki. Lakini usimwambie mwanao, “Umeninyang'anya wajukuu.” Mwambie, “Nitakuja mwezi wa sita kuwaona.” Kisha uende kweli, ukawatazame, uwapelekee karanga. Mtoto anayekua na baba yake na mama yake hamsahau bibi yake. Watamleta wenyewe, siku moja, mpaka mlangoni pako.

Nawe kijana, usiku wa leo usiandike barua nyingine kwangu. Keti na mkeo, taa iwake, karatasi iwe katikati. Mwulize maneno yale matatu niliyoulizwa mimi nikakosa jibu: maji yako wapi, choo kiko wapi, shule iko wapi? Tena mwulize na la nne: cherehani itakaa wapi? Mkimaliza kuyajibu pamoja, mtakuwa mmekwisha kuhama nusu.

Nawatakieni safari njema. Wasomaji wengine mliohama na watoto wadogo, niandikieni mlivyofanya na mlivyokosa. Makosa yetu sisi wazee yana faida moja tu: kuwaepusha vijana wasiyarudie.